Herufi Moja Katika Kitabu cha Mama

Ngara Mjini,
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Veredi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umekwisha kuitikia hapo ulipo, hata kama uko peke yako, maana ndivyo tulivyolelewa. Mimi ni mzima, ila mafua ya vumbi hayajaniacha tangu malori ya misaada yaanze kupita hapa usiku na mchana. Vipi wewe? Vipi shemeji na baiskeli zake anazozitengeneza na kuzisahau uani? Mihogo imeshika, au nguruwe pori wamekula tena upande wa mtoni? Na Mama je? Uliniandikia kwamba sasa jicho la kulia nalo limefunga, anawatambua watu kwa sauti na kwa kikohozi. Nilisoma mstari huo nikaiweka barua chini, nikatoka nje kidogo.

Veredi, fanya ninavyokuomba. Barua zangu huwa unazisoma kwa sauti palepale zinapofika, Mama amekaa mkekani anatikisa kichwa. Hii usianze hivyo. Mwambie mwandiko wangu umeharibika unataka mwanga, kisha nenda nayo migombani uisome mwenyewe. Chini huko nimepiga mstari. Kuanzia hapo ndipo utamsomea. Yaliyo juu ya mstari ni yako peke yako.

Kitabu kimetoka.

Usipige kigelegele. Ngoja kwanza.

Nitakukumbusha mambo unayoyajua, si kwa sababu nadhani umesahau, ila nataka hadithi ya Mama iwe imeandikwa mahali fulani kama ilivyo. Utaona kwa nini.

Mwaka ule watu wa ng'ambo ya mpaka walipovuka kwa wingi wakikimbia vita, na wengine wakateremka mpaka kwetu Nyabusozi kutafuta vibarua vya kulima, yule mama mwenye mtoto mgongoni alisimama mlangoni kwetu huku mvua inanyesha. Mama hakumwuliza jina. Alimwonyesha pale karibu na mafiga, pale ambapo tangu utoto tulikatazwa kukaa kwa sababu ni pa mgeni. Jioni ile, nguo za mtoto zikiwa zinakauka, Mama akatutolea tena hadithi ya mtu aliyejaza nyumba yake. Alijaza magunia ya maharage, akaingiza mbuzi, ngozi na vyungu, mpaka pale pa mgeni pakajaa. Mgeni akaja na mvua, akakosa pa kukanyaga, akaenda zake. Asubuhi mwenye nyumba akatoka kuangalia mawingu. Alipogeuka kurudi ndani, hata yeye hakuwa na pa kuingilia. Akawa mgeni wa watu wote, na mpaka leo anatembea. "Ukisikia mtu mlangoni na mvua inanyesha, usiulize ni nani," Mama humalizia. "Sogea." Na sisi wote tulisogea mkekani kama siku zote, ikabaki nafasi katikati. Yule mama wa ng'ambo, ambaye lugha yake na yetu zinakaribiana, alisogea pia, akamvuta na mtoto wake.

Hiyo ndiyo hadithi. Imeisha. Nilipomwambia Mama nitaiandika kwa Kiswahili pamoja na zile nyingine, alifurahi sana, na jina akalitoa mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni. Unakumbuka alivyolitamka? "Mahari ya Mgeni." Tulicheka mpaka ukamwaga uji.

Sikukuandikia taabu niliyopata baadaye, kwa kuwa nilijua utamsomea. Ofisi moja ya uchapishaji ya Dar es Salaam ilinijibu kwamba lugha ni nzuri, hadithi ni nzuri, ila soko hakuna. Je, sina kitabu cha maswali na majibu ya darasa la saba? Mwingine wa Mwanza alisema atachapa vizuri tu nikinunua karatasi zote mwenyewe. Wa tatu alinirudishia bahasha na uzi niliofungia ukiwa haujaguswa, fundo ni lilelile langu. Hapo nililia, Veredi. Mtu mzima na ndevu zangu, nimekaa juu ya gunia la mahindi ya msaada ghalani kazini, nalia kwa ajili ya uzi.

Hapa kazini kwetu, shirika lina mama mmoja anayeshughulikia elimu kwenye kambi za wakimbizi. Nilimpa asome, nikijua mashirika yananunua vitabu kwa katoni. Alisoma chote, na alikipenda kweli. Lakini alisema kila kitabu lazima kiwe na ujumbe. Akashauri yule mwenye nyumba achimbe choo, na mgeni anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia.

"Lakini haingii," nikamwambia. "Amekosa nafasi."

"Basi anawe halafu aondoke," akasema.

Hakuwa akinitania. Yeye naye ana watu juu yake wanaotaka kuona choo.

Sasa sikiliza mambo ya ulimi wetu. Niliamua kupigisha chapa upya ili maandishi yapendeze. Yupo binti hapa mjini, Joyce, Mhangaza wa hukuhuku mwenye ulimi kama wetu, ana mashine ya chapa karibu na posta. Nilimsomea, naye akapiga. Wewe unajua r na l zinavyotuchezea. Nilipokuwa bado nafundisha, mtoto mmoja aliniuliza tunachokifanya siku ya uchaguzi ni kupiga kura au kupiga kula, nikamjibu inategemea njaa. Darasa zima lilicheka, na mimi sikuwa na hakika nimetamka nini. Basi kwa Joyce nadhani nilisema "mahali". Labda nilisema kama Mama. Yeye aliandika alichosikia, kwa herufi kubwa, akapiga na mstari chini: MAHARI YA MGENI. Nakala ya juu niliisahihisha kwa kalamu. Ile ya kaboni, yenye kosa lake, ndiyo niliyoifunga kwa kusahau na kuituma kwa mchapishaji wa nne.

Huyo alikuja mwenyewe! Anaitwa Bwana Kitwana, mtu wa pwani, mcheshi, anayejua kukukaribisha chai kwa pesa yako. Alikuja Ngara kutafuta mashirika yanayohitaji madaftari, akaniulizia mpaka ghalani. Tulikaa hotelini.

"Mwalimu, hilo jina!" akaanza hata kabla chai haijaja. "Mahari ya Mgeni. Binti wa kambini, siyo? Katokea mtu mzito, kashatoa mahari, wazazi wamepokea, binti hataki. Hapo umelishika soko shingoni."

Nikaona hajasoma hata ukurasa.

"Siyo mahari, Bwana Kitwana," nikamwambia. "Ni mahari."

Akanitazama. Nikajaribu tena, likatoka lilelile. Nikaushika ulimi kama mtoto wa chekechea: "Ma-ha-li. Mahali. Pa kukaa."

"Aaa," akasema. "Mahali." Uso wake wote ukashuka. Akakoroga chai. "Sasa Mwalimu, pa kukaa nani atanunua? Kila mtu ana pake."

Nilimwambia huku Ngara wako watu wengi wasio na pao, wamelala chini ya maturubai mpaka juu ya vilima. Akajibu kwa upole, "Hao hawanunui vitabu, ndugu yangu."

Nilidhani yameishia hapo. Lakini kesho yake, kabla hajaondoka Ngara, alirudi na mkataba, akasema hadithi ameisoma usiku, imemgusa, wataitoa, pawe tu na marekebisho madogo ya lugha. Nikamwuliza madogo kiasi gani. "Ya lugha tu. Wewe mwalimu, unajua." Mfukoni nilikuwa na barua yako ya kwanza, ile ya jicho la kushoto. Nilitaka Mama akione kitabu chake kabla jicho la pili halijafunga. Nikatia saini.

Nikakaa nikisubiri, hakuna barua. Wiki iliyopita nilitumwa Kabanga kufuatilia lori letu lililokwama mpakani. Pale wanapokaa wabadilishaji fedha kuna mtu anatandika turubai, anauza sabuni, betri na vitabu. Kati ya vitabu nikaona lile jina, Mahari ya Mgeni. Juu ya jalada msichana analia, midomo myekundu, na nyuma yake mwanamume wa miwani myeusi ameegemea gari. Muuzaji akaona nimeganda.

"Chukua hicho, mzee. Kinatoka hicho! Madereva wanakigombania."

Nikakinunua, nikaenda kukisomea ndani ya lori. Nyumba ipo, imekuwa ya ghorofa. Mgeni amekuwa tajiri. Mwenye nyumba ni baba mwenye tamaa, anaijaza nyumba ng'ombe na magodoro ya mahari. Mvua ipo, inawanyeshea wapenzi. Nikalitafuta neno moja tu, Veredi, ukurasa kwa ukurasa, nikisema likiwepo hilo nitawasamehe yote. Lipo. "Sogea karibu, mpenzi."

Hadithi nyingine zote za Mama wameziacha. Ule mstari niliouandika mbele, kwamba hizi ni hadithi za mama yetu Anastazia wa Nyabusozi, wameutoa. Jina langu lipo, kubwa, halijakosewa hata herufi. Afadhali hilo wangelikosea.

Nilimpata Bwana Kitwana kwa simu ya posta. Hakukasirika, hata alinipongeza. "Hadithi ya mama haijafa, Mwalimu, tumeivalisha tu. Kina mauzo hicho! Niandikie nyingine." Nikamwambia basi nitaichapisha ile ya kweli kwingine. Akaniambia nikausome mkataba vizuri. Nimeusoma. Hadithi ni yao sasa, na chochote kinachotokana nayo. Moyo uliniuma, na bado unauma ninavyoandika. Sijui nimchukie vipi mtu anayecheka nami vizuri namna ile. Ana mashine, na mashine inataka kulishwa. Lakini kwa nini mama yetu ndiye awe chakula chake? Hapa mjini watu wananipa mkono, wananiita mwandishi. Joyce peke yake ndiye aliyekisoma akalia, akasema kosa ni lake. Nikamwambia hapana, kosa limetoka mbali, limetoka kwenye ulimi wa mama yangu, nami nalipenda.

Kwa hiyo hadithi ya Mama kwa Kiswahili imebaki katika barua hii uliyoishika. Usiiwashie moto wa asubuhi.

Sasa ombi langu. Nimempa dereva wetu wa lori nakala moja, ataiacha Nyakanazi kwa yule mama anayeuza ndizi za kuchoma stendi, shemeji akaichukue. Jalada ulifunike kwa gazeti, wajukuu wasije wakaanza kumweleza Mama picha. Mpe akishike. Mwache akinuse, akipapase, ahesabu kurasa kwa kidole akitaka. Halafu msomee jina. Lisome kama lilivyoandikwa, Veredi, usirekebishe kitu. Mama atasikia lake. Katika dunia nzima ni masikioni mwa Mama tu ambamo jina lile litafika likiwa sahihi.

Kisha ufungue, uinamishe macho, ugeuze kurasa taratibu, na useme hadithi kama yeye anavyoisema. Unaijua yote. Ukikosea neno atakusahihisha, naye atadhani ni kosa la kiwandani.

Najua ni uongo. Nimetoka kanisani na bado nakuomba. Ukiona roho yako inakataa, mwambie ukweli, sitakulaumu. Lakini mimi nisingeweza kuwa ndiye wa kumwambia.

Msalimie sana Baba Mkubwa katekista, mwambie miwani yake naitafutia fundi. Msalimie jirani yetu mpika pombe ya ndizi na mumewe mlevi wa hiyohiyo. Msalimie shemeji.

Hapa ndipo mstari. Mwite Mama.

______________

Shikamoo Mama.

Mimi mwanao Silvesta, nakuandikia kutoka Ngara. Sina homa, nakula vizuri, shati ulilonishonea bado linavaliwa. Pole sana kwa macho. Nasikia unamjua kila anayeingia kwa kikohozi chake. Basi mimi nitakapokuja nitanyamaza mlangoni nione kama utanitambua.

Mama, kitabu kimetoka. Kinaitwa Mahari ya Mgeni. Watu wa hapa wananipa mkono kwa ajili yako. Veredi atakusomea, na kama kuna neno halikukaa vizuri, mwambie hapohapo alitengeneze.

Nilitaka nikuletee mwenyewe. Njia ya Nyakanazi bado magari yanapita kwa msafara wa askari, na likizo wamesema ningoje. Nimekaa kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba ni mtu mwema, lakini kila mvua ikinyesha nakumbuka pale karibu na mafiga.

Veredi akifika mwisho, akisema lile neno, sogeeni wote kama zamani. Nafasi itakayobaki katikati, akitokea mgeni mpeni. Asipotokea, ni yangu.

Mwanao,
Silvesta