Michoro ya Kenji-san Niliyoirekebisha kwa Siri

Ijumaa, Novemba 2004. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi leo sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Kazi yangu ni kusafisha michoro ya katuni, yaani kuichora upya kwa mistari safi, kwenye studio ndogo. Anayebuni sura za wahusika ni Kenji-san, Mjapani wa miaka sitini na ushei. Alianza kazi Tokyo akiwa na miaka kumi na minane, akichora ile michoro ya katikati inayoufanya mkono utoke mfukoni mpaka kichwani. Baadaye akapewa kubuni wahusika wenyewe. Miaka ya tisini alikuja London kwa ajili ya filamu moja. Filamu ikafa njiani, yeye akabaki. Nilipoajiriwa sikujua hata kushika penseli sawasawa. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Tukishachora, yeye huweka karatasi ya njano juu ya mchoro wetu na kuchora upya palipokosewa. Hagombi mtu. Unachukua karatasi yako, unarekebisha.

Tangu mwaka jana karatasi za njano zenyewe zina makosa. Jicho la mhusika linakaa shavuni, sikio halipo kabisa. Mimi nimelelewa Unguja, na kwetu mtu mzima hasutwi, husitiriwa. Basi nikawa nazichora upya karatasi zake, kwa kuiga mkono wake, maana mkono wake naujua kuliko wangu, kisha nazirudisha kwenye faili. Hakuna aliyegundua. Nilijiona mwema, Mungu anisamehe, na mjanja pia.

Leo wakati wa chai kaniambia kwamba mpima macho alimwandikia barua ya kwenda hospitali ya macho. Presha ya macho imepanda. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kitaokolewa akiwahi. Alitakiwa aende leo asubuhi.

Hakwenda.

Akafungua faili. "Tazama," akasema. "Asiyeona anaweza kuchora hivi? Wamekosea."

Karatasi kumi za njano, zote zangu.

Nikamwambia aende tu, asidharau. Akaniuliza kwa nini. Nikasema chai inapoa.

Nimempigia mama, yuko Ilford. Nimemwambia nikisema ukweli nitamvunja mzee wa watu.

"Na akipofuka, ndo itakuwa stara hiyo?" mama akafoka. "Appointment kai-cancel kwa sababu yako, na wewe umekaa kimya!"

Wanasema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Mimi nimeficha maradhi ya mwenzangu, tena nikamficha yeye mwenyewe. Nimelia kwenye basi mpaka mama mmoja akanipa tishu.

Jioni hii nimejikaza nikampigia Kenji-san. Amepokea upesi. Nimemuuliza kama amekula. Amesema amekula wali na samaki, akanishukuru, akasema London nzima hakuna mwengine anayemuuliza.

Nikamtakia usiku mwema.

Kesho nitakwenda kwake Lewisham, nikae naye, nimwambie uso kwa uso. Nasema hivyo sasa, simu nimeshaikata.