Marehemu Bado Anajibu Barua

Mpendwa mshauri Akeyo, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni Sixte, Mrundi ninayeishi Hallunda huku Sweden, naosha malori mji wa Södertälje, shule niliishia darasa la sita. Kaka yangu Ludovic alifariki Februari kwa ugonjwa wa moyo. Kazini alifua mashuka ya hospitali, lakini nyumbani alitunza programu inayofanya michezo ya zamani ya video ichezeke kwenye kompyuta za leo, maana kompyuta zikibadilika michezo ile inakufa, naye aliirekebisha bure miaka kumi na moja, watu wa nchi nyingi wakimwandikia. Baada ya mazishi nilifungua kompyuta yake nikakuta mtu ameuliza, "Ludovic, upo?" na mimi, sijui niliingiwa na nini, nikatumia mashine ya kutafsiri nikajibu, "Nipo, nimechoka tu." Tangu hapo najibu kwa simu kwenye treni nikitoka kazini, nasema nitatengeneza wiki ijayo, na programu yenyewe hata kuisoma siwezi. Sasa michezo mingi haifunguki, na Tiana, mwanamke aliyemsaidia kaka tangu mwanzo, anaomba ruhusa ya kuingia kwenye programu airekebishe. Nimemkatalia mara mbili. Jumapili mke wa marehemu, Emérithe, aliona simu yangu akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, mume wangu anaandika akiwa wapi? Mbona mimi haniandikii?" Niliificha simu mfukoni. Tunatakiwa kuondoa matanga na ni mimi ninayezungusha tarehe. Nikimpa Tiana, hakuna tena atakayeuliza kama kaka yupo.

Sixte, pole sana. Sasa nisikilize. Kila unaposema "wiki ijayo" unamfanya mtu aliyetimiza ahadi miaka kumi na moja aonekane mwongo, naye hawezi kujitetea. Hao watu wamefiwa pia, ila wewe umewaficha msiba. Na shemeji yako umemfanya mjane wa mtu anayejibu barua! Nenda leo ukamwombe radhi, uso kwa uso. Kisha ketini mmwandikie Tiana: Ludovic amefariki, mdogo wake ndiye aliyekuwa akijibu, anaomba msamaha. Mpe ruhusa yote siku hiyohiyo, usibakishe kitu. Mwombe jina la kaka yako libaki juu ya kazi yake. Pangeni tarehe ya matanga na muwatangazie wote waliokuwa wakimwandikia. Emérithe analia kwamba haandikiwi. Hao watamwandikia, na wewe utamsomea.

Mwisho wa barua mkono wako utataka kuandika Ludovic, umeshazoea. Andika Sixte.