Dawa Iliyogandishwa kwa Neno Langu

Cork, Ayalandi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hili nikakaa nikalitazama, maana wiki ya tatu sasa sijaisikia marahaba yako. Nikikupigia, simu yaita mpaka yakatika. Nikimpigia mdogo wangu Salma nasikia sauti yako kwa mbali ukimwambia, "Mwambie nasali," na saa yenyewe si ya sala yoyote niijuayo. Sikulaumu. Kidole cha mguu chaendeleaje? Kimekauka, au bado chatoa maji? Na macho je? Bado wasikia kiu kila saa? Najua karatasi haijibu, lakini nisipouliza sipati raha.

Barua anakuletea Mwalimu Hamisi wa Mikindani, yule ninayesali naye Ijumaa huku. Yuaja kumtazama babake mgonjwa. Ameniahidi kwamba hatakwenda kwao kabla hajafika Magogoni akakupa mkononi mwako. Nimemsumbua kwa jambo hili mpaka akiniona nakuja anacheka. Mpe Salma akusomee, na wewe Salma usirukeruke mistari. Soma yote, hata pale patakaponiaibisha. Hapo ndipo hasa nataka asikie.

Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio hautulii. Kwenye kiwanda chetu cha dawa simu hatuingii nazo, twaziacha nje kwenye kabati pamoja na viatu. Basi kila mapumziko natoka mbio kuitazama kama kuna neno kutoka kwenu, halafu lazima nivae upya mavazi yote meupe, kofia, barakoa, glavu juu ya glavu. Juzi nilivaa vibaya mara mbili nikarudishwa mlangoni. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nina mke anayekaribia kujifungua. Nikamwambia nina mama.

Nianze na siku ile tuliyogombana, au niseme siku niliyokugombeza, maana wewe hukugombana na mtu. Salma alikuwa ameniambia sukari yako haishuki. Kliniki wamekupandishia kipimo cha dawa, wakakupandishia tena, na bado iko juu, na kidonda hakifungi. Nesi akasema mbele ya watu kwamba bibi huyu ala vitamu kwa siri. Mimi nikalichukua neno la nesi nikakupigia nalo. Nilikwambia acha halua, acha mahamri, usijifanye mtoto mdogo. Ukaniambia, "Wallahi, Bakari, sijala." Nami nikasema, "Mama, usiape bure."

Maneno haya nayasikia kila nikichota maji kazini. Umenizaa, umenilea, hujapata kuniapia uongo hata siku moja, na mimi nikiwa mbali maelfu ya maili nikakitupa kiapo chako. Baada ya hapo ukaacha kupokea simu zangu, na sindano pia ukaiacha. Salma asema ulimwambia, "Kama nadunga na bado naitwa mwongo, basi heri nisidunge." Na ameniambia mengine ambayo hukutaka niyajue. Kwamba kwenye harusi ya binti wa Bi Khadija ulikaa na sahani ya biriani ukala nyama peke yake, wali ukauacha, na halua ilipopitishwa ulikunja mikono. Wenzako walidhani waringa.

Sasa nisikilize kwa makini, mama. Hukula kitu. Dawa ilikuwa imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Wakumbuka mwanzo ulipoandikiwa sindano ulikataa. Ulisikia ati dawa ya sukari yatolewa kwenye nguruwe. Daktari alikueleza, hukumsikia. Salma alikueleza, ukamwambia anyamaze. Ukangoja mpaka nipige simu, nikakwambia hayo ni ya zamani, kwamba siku hizi ile unayotumia yatengenezwa na hamira, dada yake hamira unayotia kwenye mahamri, iliyofunzwa kutengeneza kitu kile kile ambacho mwili wa binadamu hujitengenezea. Ukauliza mara mbili, "Hamira tu?" Nikasema, "Hamira tu." Siku ile ile ukadunga. Nilifurahi mno. Nilijiona mtu mkubwa, kwamba mamangu hamsikii daktari anisikia mimi. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Kisha nikaja likizo kwa ajili ya Idi. Sebule imejaa wageni, wewe wamwambia kila aingiaye, "Huyu ndiye atengezaye dawa ya sukari," nami sikanushi. Bi Khadija akauliza kama ni kweli dawa hiyo yataka baridi. Nikakaa vizuri kitini. Nikasema kwetu kiwandani hulazwa kwenye mafriza makubwa kama vyumba, baridi ya kumuumiza mtu mifupa. Akauliza, "Kumbe friji haitoshi?" Nikacheka, nikajibu, "Friji ni ya maziwa, Bi Khadija." Watu wote wakacheka. Wewe hukucheka, ulikuwa wanisikiliza.

Mimi nikarudi Ayalandi, nikasahau kama nimesema. Wewe ukainuka ukatoa chupa zako kwenye friji, pale chini ambapo daktari alisema zikae, ukazipanga kwenye friza ya Salma katikati ya barafu zake za ukwaju. Na kila jioni ukawa watoa chupa, waiweka ndani ya kikombe cha maji mpaka iyeyuke, wadunga, wairudisha. Kwa uangalifu wote huo. Salma asema hata watoto wa jirani wakija kununua barafu hukuwaacha waifungue friza wenyewe, kwa ajili ya kuichunga dawa.

Nimelijuaje jambo hili? Wiki iliyopita nilihamishwa kwa siku chache kwenda kujifunza upande wa mwisho wa kiwanda, ambako dawa iliyokwisha kusafishwa huhifadhiwa. Anayefundisha ni bibi mmoja wa hapa, Nora, mtu mkali lakini mwenye subira. Akatuonyesha kinachowekwa kwenye yale mafriza. Ni unga, mama. Unga mweupe mkavu. Unga hauna maji, kwa hiyo baridi haiudhuru. Baadaye ndipo huchanganywa na maji na kutiwa kwenye chupa kama zako, na tangu saa hiyo, akasema, isigande hata mara moja. Akatoa chupa mbili. Moja nzima: ukiizungusha mikononi inakuwa nyeupe sawasawa. Ya pili iligandishwa ikayeyushwa. Hiyo ilikuwa imekatika kama tui, chini maji, na madonge madogo yamegandia kwenye kioo cha chupa.

Nikaiomba ile ya pili niitazame kwa karibu. Kwa sababu Salma alipata kuniambia, mwezi mzima nyuma, "Dawa ya mama siku hizi ina madongedonge," na mimi nikamjibu, "Itikise tu."

Nilimwomba Nora ruhusa nikatoka. Nikampigia Salma pale pale, bado nimevaa kofia.

"Salma, dawa ya mama mwaiweka wapi?"

"Kwenye friza."

"Nani aliyewaambia kwenye friza?"

"Wewe, kaka. Ulisema mbele yetu sote."

Nikamwambia azitupe zote, anunue chupa mpya, aiweke chini kwenye friji, mbali na sehemu inayogandisha. Akafanya hivyo siku ile ile, Mungu amlipe. Nikamwambia akueleze, ukubali kudunga. Baada ya saa moja akanipigia huku analia. Akasema umemsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamjibu, "Haiwezekani. Bakari yuko huko huko itengenezwako. Angelikuwa hajui asingelisema. Ni mwili wangu uliochoka, niacheni."

Mama, neno hili limeniuma kuliko kama ungenitukana. Nilikuita mwongo, na wewe umekaa hapo na kidonda mguuni wanitetea. Waona ni bora mwili wako uwe umeharibika kuliko mwanao awe amekosea. Ningekuwa na mabawa ningeshatua uani kwako. Ruhusa ya kuja nimeiomba wakaniambia ningoje, na kungoja ndiyo kazi iliyonishinda kabisa. Natembea chumbani hapa hatua sita kwenda, sita kurudi, mpaka jirani wa chini alikuja kugonga.

Kwa hiyo nakuandikia jambo ambalo kwa simu lisingetoka, hata ungeipokea.

Mimi sikujua. Siku ile ya Idi nilipokuwa nasimulia yale mafriza, nilikuwa sijatia mguu ndani ya chumba kile. Niliyasikia mezani kwenye chakula, watu wakizungumza, nikayabeba yakawa yangu. Wala mimi sitengenezi dawa kama unavyowaambia watu. Ngoja nikueleze kazi yangu kwa ukweli. Hamira ikishatoa dawa, dawa hiyo huwa imechanganyika na takataka nyingi. Husafishwa kwa kupitishwa kwenye minara iliyojazwa chembe laini kuliko mchanga wa pwani. Dawa hunata kwenye chembe, takataka zapita zenda zao. Kisha hupitishwa maji ya aina nyingine, dawa ikaachia, ikatoka safi. Hayo maji ndiyo niyatengenezayo mimi. Napima chumvi, nachanganya, natia kwenye mifuko mikubwa ya plastiki itumiwayo mara moja tu. Wakongwe wasema zamani walitumia mapipa ya chuma, kuyaosha peke yake kulimaliza siku, na mnara mmoja ukifanya kazi mingine yangoja. Siku hizi minara yapokezana bila kusimama, na mashini yapima usafi papo hapo. Ni kazi ya heshima na naipenda. Lakini nachanganya maji na chumvi, mama. Dawa yenyewe naiona kupitia kioo.

Basi usiuamini ufundi wangu, sina. Waamini walioisomea kazi yao, na karatasi iliyo ndani ya kile kiboksi. Mwambie Salma aifungue akusomee. Imeandikwa wazi isigandishwe, na mimi sikuwahi kuisoma.

Ninalokuomba ni moja. Siku yako ya kliniki ni Alhamisi, na Mwalimu Hamisi atakuwa amekwisha kukufikishia barua hii. Nenda na Salma. Chukueni ile chupa mpya ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi, si barafu. Na tafadhali usiitumie kwa kile kipimo walichokupandishia. Kipimo kile walikupa wakidhani dawa ni nzima. Ukikidunga kwa dawa ambayo kweli ni nzima, sukari itaanguka ikuangushe nawe. Waelezeni yote waanze kukupimia upya. Salma, hapa soma tena mara ya pili.

Ukishadunga, ukitaka kuendelea kutonipokea, usinipokee. Nitakubali. Salma ataniambia sukari imefika wapi, hilo litanitosha kwa sasa. Halinitoshi, nasema uongo, lakini nitavumilia. Radhi zako naziomba kwa magoti. Sizidai leo, nipe siku utakayotaka wewe.

Nisalimie shemeji yangu, mume wa Salma, huko Miritini kwenye malori yake, na mwambie Alhamisi asimchukue Salma kwa shughuli nyingine yoyote. Nisalimie mjomba, kakako mkubwa, na asikulazimishe kunywa yale maji ya mwarobaini badala ya sindano. Nisalimie Bi Khadija, jirani mwema, naye namwomba msamaha kwa kumcheka mbele ya wageni. Aliuliza swali la maana, mimi ndiye niliyejibu upuuzi. Nisalimie mashoga zako wote wa darsa, na wajue kwamba kwenye ile harusi hukuwa waringa.

Jambo la mwisho. Alhamisi yule nesi atakuuliza ni nani aliyekwambia uiweke dawa kwenye friza. Nakujua. Utasema ulikosea mwenyewe, utasema wewe ni mzee hujui mambo haya, na wale watu wote kwenye foleni watasikia na kutikisa vichwa. Umenisitiri tangu nizaliwe, mama. Alhamisi usinisitiri. Mwambie, "Ni mwanangu, jina lake Bakari, na wewe, nesi, mwanangu ndiye uliyepaswa kumwita mwongo, si mimi."

Mimi mwanao,
Bakari