Vibua wa Baba Zuhura

Baba Zuhura, mume wangu,

Natumaini huko uliko unapumua vizuri. Hapa Katoro uliondoka ukihema, vumbi la mawe ya dhahabu limekujaa kifuani.

Nakumbuka ulipokuwa huwezi tena kushuka duarani, shimo la machimbo, kuchimba. Ulikaa barazani ukimsimulia binti yetu habari za samaki wa kwenu Tanga. Ulimwambia vibua hukaa karibu na pwani, kwenye ghuba na mito inapomwaga maji, kwa sababu huko ndiko kuna vijidudu vinavyoelea, chakula chao. Huogelea midomo wazi, maji yakatokea mashavuni, chakula kikabaki. Mimi, Msukuma wa Bukombe ambaye sijawahi kuiona bahari, nilisikiliza kuliko mtoto. Zuhura akauliza kiongozi wao ni nani.

"Hawana," ulimjibu. "Kila mmoja anamfuata wa ubavuni kwake."

Baada ya kukuzika niliamua kumpeleka Zuhura kwa bibi yake, Tanga. Niliogopa. Mama yako hakuitaka ndoa yetu. Alisema ndiyo iliyokuzuia kurudi nyumbani. Nilipompa shikamoo aliitika akitazama pembeni. Chumba na chakula alitupa, maneno hakutupa.

Asubuhi moja tulimsindikiza gatini kununua kitoweo. Maji yalikuwa maangavu, mara yakaanza kutetemeka kama yamepigwa na manyunyu. Kundi la vibua likapita chini yetu, migongo ya kijani, ubavu wa fedha, wote wakigeuka kwa pamoja. Zuhura alipiga magoti, akamweleza bibi yake kwa nini wamesogea karibu na nchi kavu, kwa nini midomo iko wazi, na kwamba mayai yao huelea tu majini bila mlinzi, na bado watoto hukua wakajiunga na wenzao.

Mama yako akamuuliza nani kamfundisha.

"Baba, alipokuwa anaumwa."

Bibi yake alikaa chini palepale, akalia. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza, siku zako za mwisho zilikuwaje. Nilimweleza yote, na jinsi wachimbaji wenzako walivyopokezana kukubeba.

Tuliporudi Katoro alikuwa akipiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Siku moja nilimwambia kulea peke yangu kunanielemea.

"Nafunga mizigo, mwanangu," akasema.

Amefika juzi. Sasa hivi yuko uani, ananisaidia kuchambua dagaa wa kupeleka sokoni, akinung'unika kwamba vitu vidogo hivi si samaki.

Lala salama, mume wangu. Hatuko peke yetu.

Mkeo,
Mama Zuhura