Mwanangu Ananiita Mama Mdogo

Mpendwa dada,

Shikamoo. Tangu tukuzike kule Nangwa hakuna wa kuniitikia, lakini nimelelewa, nitakuamkia tu. Baada ya hapo nitakugombeza.

Unakumbuka asubuhi ulipokuja kwangu, kule kijijini Daudi? Mume alikuwa ameshaondoka, mimi nimelala mkekani nanuka gongo, na Veronika wa wiki mbili analia pembeni. Vidonge vyangu vya ARV vilikuwa juu ya kabati, sijavigusa. Hukunitukana. Ulimwogesha mtoto, ukamfunga mgongoni, ukasema, "Nampeleka kwangu. Ukipona, njoo umchukue."

Ulimpa dawa yake ya matone, ya kumkinga na virusi vyangu, bila kuruka hata siku moja. Ulimlisha maziwa kwa kikombe kama nesi alivyokufundisha. Mimi nilikuwa nikisikia habari zake kwa watu wa mnadani, nameza mate.

Nilipoacha pombe na kushika dawa, tulikwenda wote kwenye kipimo chake cha mwisho, cha mwaka na nusu. Nesi akaita, "Mama Veronika!" Nikasimama. Na wewe ukasimama. Nesi akaangalia mtoto yuko mgongoni kwa nani, akakupa wewe majibu. Hana virusi. Ulilia kwa furaha, ukanikumbatia. Nilimshukuru Mungu kwa mdomo, moyoni nachemka kwa wivu. Mama gani huyo, mwanawe kapona halafu ananuna kwa sababu hakuambiwa kwanza? Ndiyo mimi.

Njiani nikakuambia, "Dada, nimepona. Naomba mwanangu." Ukasema nisubiri mvua ziishe. Zikaisha. Ukasema nisubiri mavuno. Wakati huo ulishamfundisha kuniita mama mdogo. Mimi niliyemzaa! Mama mkubwa ulikuwa wewe, dada. Ukajiondolea huo ukubwa, ukanibandika mimi udogo.

Sasa, baada ya msiba wako, yuko kwangu, ana miaka sita. Akijikwaa anakulilia wewe. Mimi naitwa akitaka chai. Juzi nikamwambia, "Mimi ndiye mama yako." Akanijibu kwa adabu zako zote, "Ndiyo, mama mdogo." Nilitoka nje nikaenda kukata kuni ambazo sikuzihitaji.

Siku hizi zahanati inanituma kwa akina mama wenye vichanga, wanaoishi na virusi kama mimi. Wiki iliyopita nilikuwa Nambis kwa binti mmoja aliyekuwa mlevi, sasa ana mwezi hajanywa. Mtoto alikuwa analia. Nilipombeba akanyamaza papo hapo. Nikamwona mama yake ananitazama, na jicho lile nalijua, ndilo nililokutazama nalo miaka yote.

Nikukirie kitu, dada: nilifurahi alivyonyamaza kwangu. Mikono haikutaka kumwachia. Hapo ndipo nilipokuelewa. Nikamweka mapajani mwa mama yake, akaangua kilio upya, na binti akanisihi, "Mchukue, mama, mimi simuwezi." Nikakaa chini, nikaficha mikono ndani ya kanga. Mtoto alilia muda mrefu. Kisha akalala palepale, kwa mama yake.

Nakushukuru kwa uhai wa Veronika, na sitaacha kukushukuru. Lakini mbona hukumwacha alie mikononi mwangu, hata mara moja?

Pumzika, dada.

Mdogo wako,
Mama Veronika