Kiatu Kilichotoka Shimoni

Jumamosi, 12 Agosti 2006

Na mpaka sasa hajaniambia asante, huyu Mjerumani wangu.

Asubuhi kiatu cha mwanangu Wafula, anayeishi Ujerumani, kilifungua mdomo kama kinaomba ugali. Akakibeba pamoja na kile kingine, akatupa vyote kwa shimo la takataka.

"Sasa kesho tukipeleka mahari kwa wazazi wa mchumba wako huko Kamukuywa, utaenda miguu tupu?" nikamuuliza. "Watasema tumeleta mahari ya kuku mmoja."

"Baba, kule Ujerumani hakuna mtu anashona kiatu. Kikiharibika unanunua kingine."

"Si ununue basi!"

Akazunguka Kitale yote. Lakini mguu mkubwa ule, bana, hakuna duka lina kiatu chake. Akarudi mikono mitupu.

Mimi nilikuwa nimeshavitoa vile vya zamani shimoni kwa jembe. Havikuwa vichafu sana. Shimo langu lina majivu tu, kwa sababu maganda ya ndizi ni ya ng'ombe, magunzi ni ya jikoni, na mkebe ni taa. Ati kule kila nyumba ina mapipa matatu ya takataka, na yanajaa! Hao watu wanakula nini?

Fundi ameweka soli ya tairi ya lori. Wafula amejaribu, ametembea mpaka kwa lango, akacheka.

Naogopa kitu kimoja, kwamba mkono uliozoea kutupa, huyo mchumba wake naye siku moja utam...

Hapana. Viatu ameviosha mwenyewe.

Nimemwambia vikimchosha huko Ujerumani asitupe, avirudishe. Mguu wangu utaingia na soksi tatu.