Gesi Aliyoijaza Mjomba Kwenye Friji la Boti

Machi 3

Mpwa wangu mpenzi,

Hamjambo huko botini? Mumeo na mtoto wazima? Mimi chuma. Nakuandikia mbiombio maana mji mzima unanigombania niwatengenezee mafriji. Nikisinzia kidogo tu, maziwa ya watu yanachacha. Juzi nimeikoholea kompresa moja mbovu, ule moyo wa friji, ikaona haya, ikaanza kupoza yenyewe. Je, kifriji chenu nilichokijaza gesi wiki iliyopita? Usinishukuru, wewe damu yangu.

Mjomba wako

Machi 9

Shikamoo mjomba,

Hatujambo, ila mtoto ana mafua kidogo. Paka tumemfukuza, alituchafulia ndoo siku ile uliyokuja. Friji linagandisha hadi nyanya. Lakini nahodha wa boti ya jirani kaona kibandiko kwenye kompresa: gesi ya friji aina ya 134a tu. Akauliza, "Mjomba wako kajaza ipi?" Nikamjibu mjomba anaijua kazi yake. Akacheka: "Basi muulize huyo anayejua." Nauliza. Halafu chini ya sakafu kunanuka kama vitunguu vilivyooza, na vitunguu vyenyewe sivioni.

Mpwa wako

Machi 9, jioni

Mpwa wangu,

Salamu baadaye. Nakupigia hupokei. Usiwashe jiko! Usiguse swichi yoyote, hata ya taa. Fungueni milango, shukeni wote, kaeni mbali. Ile ni gesi ya kupikia, nimeitoa kwenye mtungi wangu wa jikoni. Ya 134a, isiyoshika moto, ilikuwa imeniishia, nikaona aibu kukwambia usubiri. Botini ikivuja inatuama chini, inangoja cheche. Nilijua hilo. Nijibu, mwanangu.

Mjomba wako

Machi 12

Shikamoo,

Tuko hai. Ujumbe wako ulimkuta mume wangu na kiberiti mkononi, anataka kumchemshia mtoto maji. Fundi mwingine ameitoa gesi yako yote, kajaza ya kwenye kibandiko. Kiungo kimoja cha bomba la gesi kilikuwa kinavuja. Kakipaka povu la sabuni, kikatoa mapovu hapo hapo. Sabuni tu, mjomba! Wewe ulishindwa nini?

Mpwa wako

Machi 13

Mpwa wangu,

Poleni sana. Kila nikifumba macho naona kile kiberiti. Nilikwambia nimepima viungo vyote. Nilibakiza hicho kimoja. Nilikuwa nimeinama nyuma ya friji, boti ikayumba kidogo, nikakimbilia nje. Mimi hutapika botini, mpwa wangu, hata ikiwa imefungwa gatini. Yule paka mliyemfukuza mnamwonea. Aliyechafua ndoo yenu ni mimi.

Mjomba wako